Walioingia Mlimani bila kupitia kazini

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka anayeomba chuo kikuu akafanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwenye karatasi, sheria ilikuwa moja kwa wote. Wasichana wakapungua. Miaka miwili ya kazi ilitosha kabisa kuolewa na kuzaa, na mume gani wa enzi zile angemruhusu mkewe aende Dar es Salaam miaka mitatu? Serikali ikaona, ikaturuhusu sisi wanawake tuingie tukitoka kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Ndivyo nilivyofika Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya sabini: lori kutoka Sumbawanga hadi Tunduma, halafu treni ya TAZARA. Ruhusa ile ilikuwa na upande wa pili ambao wanahistoria wetu huupita haraka. Wanaume darasani walikuwa watu wazima, walimu na mabwana shamba, wana wake na watoto. Sisi jana tu tulikuwa tukipigiwa kengele ya kulala. Semina ikianza, wao husema "kule kazini kwetu". Mimi ningesema nini, shamba la ulezi la mama? Nilinyamaza, wakauita ushamba.

Tena nilikuwa Mfipa. Ukitaja Sumbawanga, unaulizwa kama umekuja kwa ungo, kama mchawi. Iliniuma, nikawa nasema natoka Mbeya. Lakini kulikuwa na Mzee Punch, yale makaratasi yaliyobandikwa ukutani usiku, bila jina la mwandishi, ya kumchora na kumtukana msichana aliyemkataa mtu au aliyeonekana anaringa. Wenzangu kadhaa waliandikwa. Mimi sikuguswa, na niliyelala naye chumba kimoja aliapa kwamba wanaogopa kurogwa. Basi nikaacha kukana kwetu. Nilipotoka likizo nilikuja na ungo wa mama, nikautundika juu ya kitanda, mlango wazi.

Si kila mtu alikuwa na ungo. Februari 1990 mwanafunzi wa hapo hapo, Levina Mukasa, alijiua baada ya kusumbuliwa, na ndipo Mzee Punch akapigwa marufuku. Wakati huo nilikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Wazazi walikuja ofisini kuuliza kama mabinti wajaze fomu ya chuo kikuu au waende zao ualimu. Niliwaambia wajaze chuo kikuu, na kalamu nikawapa.