Mmea Uliopewa Nishani ya Dhahabu

Mtu aliyepata kupanda mianzi ya namna ile itambaayo chini kwa chini karibu na ua wake aijua taabu ya kuizuia. Huikata leo, na mvua ikinyesha machipukizi hutokeza kwa jirani. Huko Uingereza uko mmea mwingine wenye tabia hiyo hiyo, tena umezidi ukaidi. Shina lake lina mafundo na uwazi ndani, hata wako waliouita mwanzi, ingawa kwa ukoo si mwanzi kabisa. Wajapani, wenyeji wake, huuita itadori.

Kwao Japani mmea huu hauna sifa mbaya. Humea hata katika miteremko ya milima ya volkano, penye mawe na majivu, na watu huchuma machipukizi yake machanga wakala. Wadudu na magonjwa ya kule huupunguza, basi hukaa na majirani zake kwa kadiri.

Zamani hizo Japani ilikuwa imewafungia Wazungu milango, isipokuwa Waholanzi, nao waliruhusiwa kukaa katika kisiwa kidogo tu cha Dejima, bandarini Nagasaki. Mwaka wa 1823 alifika pale daktari Mjerumani aliyewatumikia Waholanzi, jina lake Philipp Franz von Siebold. Aliwatibu wagonjwa, akafundisha uganga wa Kizungu, akakusanya mimea kwa bidii kubwa. Lakini alipoonekana ana ramani za nchi, jambo lililokatazwa kwa wageni, alidhaniwa kuwa mpelelezi, na mwaka wa 1829 akafukuzwa.

Aliporudi Ulaya alifungua kitalu huko Leiden, akawa akiuza mimea ya Japani, na itadori ulikuwamo. Mwaka wa 1847 chama cha kilimo na bustani cha Utrecht kiliutunukia nishani ya dhahabu, kuwa ndio mmea mpya wa kupendeza kuliko yote ya mwaka ule. Mwaka wa 1850 Siebold alipeleka mimea kwenye bustani ya Kew karibu na London, na itadori miongoni mwake. Wenye vitalu wakauuza, na mabwana na mabibi wakaupanda mbele ya nyumba zao kwa ajili ya maua yake meupe.

Sidhani ni haki kuwacheka watu wale. Hawakujua ya kuwa kipande cha shina la chini ya ardhi, chenye uzito usiotimia hata gramu moja, chaweza kuota na kuwa mmea mzima. Aliyechoka nao aliung'oa, akautupa nje ya ua, akafikiri amemaliza. Kumbe ameupanda mahali pengine. Udongo uliochotwa na maji ya mito viliusambaza vivyo hivyo. Wataalamu walipochunguza mimea ya itadori kutoka sehemu nyingi za Uingereza, waliona ya kuwa yote ni ya kike, na yote ni mmea mmoja tu uliokatwakatwa.

Mapema, mwaka wa 1886, ulikwisha kuandikwa kuwa umeenea sana kwenye marundo ya majivu karibu na Maesteg, mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko Wales. Ulijiona kwao, bila shaka, maana majivu ulikuwa umeyazoea. Serikali ilichelewa: sheria ya kukataza kuupanda porini ilitoka mwaka wa 1981. Mwaka wa 2010 waliletwa kutoka Japani wadudu wadogo wafyonzao utomvu wake, lakini wale wa kwanza hawakustawi vema.

Kwa mwenye nyumba kazi ni ya miaka. Kukata peke yake hakufai. Hupigwa dawa mwishoni mwa majira ya joto, wakati majani yanapopeleka chakula mizizini, na hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Au udongo wote huchimbwa ukachukuliwa kwa masharti ya sheria. Benki nyingine husita kumkopesha mtu anunuaye nyumba yenye itadori karibu.

Ndipo tunaporudi Maesteg. Wenye nyumba wawili waliopakana na tuta la reli walilishtaki shirika la reli, kwani itadori ulikuwa umesimama kwenye tuta lile kwa muda usiopungua miaka 50, na mizizi yake imeingia kwao. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufani iliamua. Majaji walisema ya kuwa kushuka kwa bei ya nyumba peke yake si kosa la jirani. Lakini mizizi ile, hata kama haijapasua ukuta, ni mzigo juu ya ardhi ya mtu, maana akitaka kujenga au kuchimba atapata gharama na taabu asizozitafuta. Shirika lilijua habari hiyo wala halikuchukua hatua ya kutosha. Basi wenye nyumba walistahili fidia.