Kuvunjika kwa Koleo

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni kutokata tamaa, tukaandika hivyo madaftarini mwetu. Nilipokua na kuzoea karakana za Tanga ndipo nilipotambua kwamba methali hii, kabla ya kuwa somo la tabia, ilikuwa habari ya kazi. Koleo la mhunzi likivunjika, mhunzi hufua jingine, kwa kuwa moto anao, nyundo anayo na ujuzi anao. Anayekwama ni yule aliyezoea kununua koleo dukani.

Nataka katika kurasa hizi chache nimsimulie msomaji historia ya kitu ambacho vitabu hukiita kipuri, nasi mitaani tunakiita spea. Nazungumzia spea za magari ya zamani: jinsi zilivyotafutwa, zikachongwa, zikabembelezwa kukaa mahali pasipo pao. Naamini ndani yake imo sehemu ya historia yetu ambayo haijaandikwa, na ambayo inapotea pamoja na wazee walioifanya.

Magari ya mwanzo kabisa hayakuwa na spea. Mafundi wa Ulaya walitengeneza kila gari peke yake, wakisugua chuma kwa tupa mpaka kikubali kukaa na mwenzake. Pistoni ya gari hili haikuingia katika gari lile, hata kama yote mawili yalitoka karakana moja. Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908, katika uwanja wa Brooklands huko Uingereza, magari matatu ya Cadillac kutoka Marekani yalifumuliwa mbele ya wasimamizi wa Royal Automobile Club. Vyuma vyake vikachanganywa pamoja, na baadhi vikaondolewa na kuwekwa vingine kutoka ghala la muuzaji. Kisha mafundi wakaunga upya magari matatu kutoka katika lundo lile, pasipo kusugua kitu kwa tupa, na magari yakaendeshwa maili 500. Kampuni ikatunukiwa Kombe la Dewar. Mwaka huohuo Henry Ford alianza kuuza Model T, ambayo hadi ilipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa magari milioni 15.

Hapo ndipo spea ilipozaliwa, na hapo ndipo fundi alipogawanyika mara mbili: fundi wa kutengeneza kitu na fundi wa kubadilisha kitu. Katika nchi za viwanda yule wa pili alimmeza wa kwanza. Kwetu, kwa sababu nitakazozieleza, wa kwanza hakufa.

Mfano wangu ni Land Rover, kwa kuwa ndilo gari wazee wetu walilolijua zaidi. Lenyewe lilizaliwa kwa kuungaunga. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey. Mwaka 1947 gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, basi bodi likafanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, na injini ikachukuliwa kutoka gari la kawaida la Rover. Likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948.

Miaka hiyohiyo, hapa Tanganyika, Waingereza walikuwa wakihangaika na mpango wao wa karanga kule Kongwa. Walikosa matrekta, wakanunua mitambo iliyochakazwa na vita, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mpango ukafutwa mwaka 1951. Karanga hazikustawi, lakini vyuma vilibaki. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba kuchanganya vyuma ni tabia ya Mwafrika maskini. Hapana. Mwenye dola alipobanwa alifanya vilevile, ila yeye aliita uhandisi.

Ugumu wa kwanza wa kulinganisha spea umo katika bolti. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti, zenye pembe ya digrii 55. Wamarekani wao walishika digrii 60. Vita Kuu ya Pili ilipowakutanisha, bolti zao zilikataana, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikapatana kutumia nyuzi za namna moja za digrii 60. Land Rover za mwanzo zina nyuzi za Kiingereza cha kale. Zilizofuata zilihamia kidogo kidogo kwenye nyuzi mpya. Injini za Kijapani zilizoletwa baadaye ni za milimita. Kwa hiyo gari moja kuukuu la kwetu laweza kusema lugha tatu.

Chukua bolti ya Whitworth ya tatu kwa nane. Ina nyuzi 16 katika kila inchi. Ya Kimarekani yenye nyuzi nene, ya unene uleule, nayo ina 16. Zitaingiana. Kijana asiyejua huikaza akafurahi, na baada ya majuma machache ya barabara mbovu nyuzi zimelika, kwa kuwa pembe hazikulingana. Fundi mmoja mzee wa Ngamiani alikuwa na kopo la maziwa lililojaa bolti za mfano, kila jamii ameipaka rangi yake. Mtu akimletea bolti, kwanza huijaribu kwa vidole. Siku moja alinirudishia moja niliyodhani imepata mahali pake, akaniambia, "Mwanangu, hii imeingia, lakini haijakaa." Maneno hayo nimeyakumbuka katika mambo mengi yasiyohusu magari.

Sasa nieleze kwa nini fundi wa kutengeneza hakufa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikomba fedha za kigeni, na bei ya mafuta ikapanda. Spea mpya zikawa kitu cha kusikia kwa jirani. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wako watu waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Baba yangu mdogo, aliyekuwa bwana shamba milima ya Usambara, alikuwa na beringi sita mpya kwenye sanduku la nguo. Akazizika chini ya mgomba zikiwa zimepakwa grisi na kufungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, hali ilianza kulegea, na beringi zikafukuliwa.

Katika miaka hiyo mkoa wa Tanga ulikuwa na akiba moja ambayo wengi hawakuihesabu: karakana za mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na kila shamba kubwa lilikuwa na korona, yaani mtambo wa kusaga majani na kutoa singa. Korona hula vyuma. Kwa hiyo mashamba yalikuwa na mashine za kukereza, tanuri za kusubu na watu waliojua kuzitumia. Bei ya mkonge ilipoanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba yalinyauka, na wakereza wakahamia mijini na mikono yao. Magari yetu yalipona kwa sababu mkonge uliugua.

Walifanyaje kazi? Gasketi waliikata kwa kuweka karatasi ngumu juu ya chuma chenyewe na kugonga ukingo kwa nyundo ndogo ya duara mpaka karatasi ichukue umbo. Bushi ya springi waliikereza kutoka katika shaba nyeusi ya bomba la kiwanda. Tundu la bolti lililolika walilitoboa na kulichonga nyuzi za milimita 10, kwa kuwa bolti ya Kijapani ya ukubwa huo ni nene kidogo kuliko ile ya tatu kwa nane. Beringi hawakuiuliza ni ya gari gani, walisoma namba. Beringi iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25 na upana wa nje milimita 52, awe ameifanya Mswidi au Mjapani, iwe imetoka katika gari, pampu ya maji au mashine ya kukoboa. Mwenye kujua namba hana ugeni katika duka lolote.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuweka injini ya Kijapani ya dizeli mbele ya giaboksi ya Land Rover. Viwili hivyo havina hata tundu moja linalolingana. Fundi alikata sahani ya chuma kinene, upande mmoja akaitoboa kwa matundu ya injini na upande mwingine kwa ya giaboksi. Siri haiko katika kutoboa. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya kichwa cha krenki. Ikipinda kwa unene wa unywele, bushi hulika, klachi hukwama, na safari huishia Mombo.

Lakini mafundi wale walikuwa na mpaka, na anayesifu ubunifu bila kuutaja mpaka huo anadanganya. Kinachosimamisha gari hakibahatishwi. Katika miaka ya uhaba nilimwona mtu akitia oili ya injini katika breki. Oili hiyo huvimbisha mipira ya silinda, breki hukamata zenyewe, kisha siku nyingine hazikamati kabisa. Mzee wa Ngamiani alikuwa tayari kuchonga chochote, lakini mpira wa breki hakuchonga. Gari lisilo na mpira halisi lililala kwake hata miezi mitatu, na mwenyewe alalamike apendavyo.

Inafaa pia tukumbuke kwamba gari likifa kwao huweza kuishi ugenini. Morris Oxford ilipokoma Uingereza, Wahindi waliendelea kuitengeneza kwa jina la Ambassador hadi mwaka 2014. Volkswagen ya kobe ilitengenezwa Meksiko hadi mwaka 2003. Land Rover zenyewe zilitengenezwa pia Hispania na kampuni ya Santana. Mwenye kutafuta spea hujifunza jiografia ambayo haimo katika atlasi.

Leo uhaba wa namna ile umekwisha. Kwa intaneti mtu wa Korogwe huagiza bawa la mbele la Land Rover ya mwaka 1967, likiwa limetengenezwa upya, na kampuni yenyewe mwaka 2016 ilianza kufufua magari yake ya toleo la kwanza kwa ajili ya matajiri. Ni neema. Lakini imeleta swali ambalo wazee hawakuwa nalo. Kwa mara ya kwanza tunaweza kurudisha kila kitu, na kwa hiyo kwa mara ya kwanza tunaweza kufuta kila kitu.

Swali hilo lilinifikia nyumbani. Land Rover ya baba mdogo, 109 ya mwaka 1967, iko kwangu. Gari la mwaka huo lina taa katikati, ndani ya wavu wa mbele. Bawa lake la kushoto, hata hivyo, ni la gari la baadaye, ambalo taa zake zilihamia mabawani, na tundu la taa limezibwa kwa bati la pipa lililopigwa ribiti kumi na moja. Injini ni ya Kijapani, na juu ya sahani ya kuungia fundi aligonga kwa tindo: 3-83. Mpwa wangu aishiye Uingereza amepata mnunuzi, kwa sharti kwamba gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani. Fedha inayotajwa ingesomesha mtoto.

Nilisoma masharti ya watu wa magari ya kale. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, husema gari la kihistoria liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho lilinichekesha, kisha likanisikitisha. Kwa kipimo hicho, gari linalobeba viazi kutoka Lushoto halina historia mpaka liache kubeba viazi. Lakini nikaona pia kwamba hati waliyoitunga baadaye, Hati ya Torino, inataka mabadiliko yaliyofanywa katika maisha ya gari yaheshimiwe, na spea mpya zitiwe alama ili asitokee wa kudanganywa. Hapo nikasema, kumbe tunaelewana.

Ni ipi hali sahihi ya gari lile? Kiwanda cha Solihull kililishughulikia kwa siku chache. Mafundi wa Tanga wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka hamsini. Nikiing'oa sahani ile ya 3-83 nitakuwa nimelirudisha kwa aliyelikaribisha duniani na kuwanyang'anya waliolilea. Nikamwandikia mpwa wangu kwamba haliuzwi kwa sharti hilo. Breki zote nimeweka mpya, chesisi nimeitibu kutu, nyaya nimezibadilisha. Sahani na bawa vimebaki.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari kwa mamia yakapita barabarani, mengi yakiwa na viungo vya kuazima. Watu walipiga picha. Natamani wangepiga pia picha za chini ya boneti, na kuuliza ni nani aliyekereza hiki na kwa nini alikata vile. Mzee wa Ngamiani amekwisha fariki, na lile kopo la maziwa liliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, rangi zake zikiwa bado zinasomeka.

Basi, msomaji, ukiwa na gari kuukuu, au cherehani ya bibi, au pampu ya kisima iliyotengenezwa na mtu unayemjua, chukua daftari. Andika kilichobadilishwa, mwaka, na jina la fundi. Ukiweka spea mpya, ile ya zamani uifunge kitambaa na kuitia grisi, usiiuze. Spea ya kiwandani inaweza kuagizwa tena kesho. Ile iliyochongwa na mtu ilichongwa mara moja tu.