Kupungukiwa damu wakati wa mimba: sombe, maharagi na sambaza vinasaidia, lakini si kwa namna yoyote

Mama mjamzito akirudi toka CPN na neno «damu iko kidogo», familia nyingi za Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo zinakimbilia kwanza kitu chekundu. Mmoja analeta nyanya ya mkebe, mwingine anaichanganya na maziwa na sukre nyekundu, mwingine anatokosa betrave ao majani ya oseille mpaka maji yawe kama divai. Franka zinatoka, mama anakunywa, na kisha mwezi mmoja kipimo cha damu kinabaki palepale.

Rangi si damu. Nyanya na betrave ni vyakula vizuri, lakini wekundu wao hauna uhusiano na ule wa damu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na hemoglobini haijengwi bila madini ya chuma. Sukre nyekundu yenyewe ni maji, sukari na rangi tu. Mwenye kuiuza ndiye anaongezeka. Chuma ambacho mama anahitaji, mara mingi kiko tayari katika soko ya karibu: katika fungu la sambaza, katika maharagi, katika lengalenga. Shida ni kwamba namna ya kupika, na kile mama anachokunywa pembeni ya chakula, vinaweza kukifanya kipite mwilini bila kufanya kazi.

Juu ya nini mimba inaomba damu mingi

Wakati wa mimba mwili wa mama unaongeza maji ya damu upesi kuliko chembe nyekundu. Ndiyo maana hata kwa mama mwenye afya hemoglobini inashuka kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu ya kwamba mjamzito ana anemia wakati hemoglobini iko chini ya gramu 11 katika desilita moja ya damu, ao chini ya gramu 10,5 katika miezi mitatu ya katikati. Chini ya gramu 7, ni anemia kali. Toka mwanzo mpaka mwisho, mimba moja inaomba karibu gramu 1 ya chuma: kwa mtoto na kondo la nyuma, kwa damu mpya ya mama, na kwa ile itakayomwagika siku ya kuzaa. Gramu moja inaonekana ni kidogo sana, lakini mwili unaiokota miligramu kwa miligramu, na mama aliyezaa mwaka uliopita mara mingi anaanza mimba mpya ghala likiwa tupu.

Wamama wa namna hiyo si wachache. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika katika Congo nzima mwaka 2013-2014, ule unaoitwa EDS, ulikuta ya kwamba wanawake 38 juu ya 100 wenye miaka 15 mpaka 49 walikuwa na anemia.

Dalili zake zinachanganywa upesi na uchovu wa kawaida wa mimba: kizunguzungu, moyo kupiga mbio kisha kupanda mlima mdogo tu, kukosa pumzi, kichwa kuuma, ngozi ya ndani ya jicho na viganja vya mikono kuwa vyeupe. Wengine hawasikii kitu. Kwa hiyo tone la damu linalotoka kwenye kidole siku ya CPN lina maana kuliko macho ya jirani.

Uzito wa jambo unaonekana siku ya kuzaa. Kila mama anapoteza damu akizaa. Aliyefika na damu ya kutosha anaweza kuvumilia hata nusu litre. Aliyefika na gramu 6 hana akiba, na damu ambayo mwenzake angeivumilia inaweza kumuua. Kituo cha afya cha kijiji hakiongezi watu damu. Kazi hiyo inafanyika kwenye hospitali kuu ya zone ya afya, na kati ya kituo na hospitali kuna barabara iliyokatika na mvua, mto bila daraja, ao njia ambayo usiku hakuna mtu anayethubutu kuipita. Hata mama akifika, sherti mfuko wa damu ya kundi lake upatikane, na usipopatikana ndugu wanatafutwa mbiombio. Damu ambayo angeijenga polepole kwa miezi sita, inatafutwa kwa saa moja.

Sahani ya kila siku

Kuna chuma cha namna mbili. Kile cha nyama, samaki na kuku, mwili unakikamata vizuri. Kile cha mimea, kama majani, maharagi na nafaka, mwili unakamata sehemu ndogo tu, na vitu vingi vinaweza kukizuia. Lakini samaki kidogo ao nyama kidogo ikiingia katika sufuria moja na mboga, inasaidia hata kile chuma cha mboga kiingie. Mama asiye na uwezo wa kununua nyama ya kilo anapashwa kujua jambo hili, kwa sababu linamuokoa franka: hahitaji nyama mingi, anahitaji kidogo kila siku.

Hapo sambaza wana kazi. Samaki hao wadogo hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa toka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha watu wote kuanzia Idjwi mpaka Goma na Bukavu. Uvira, Baraka na Kalemie wana ndakala. Namna rahisi ni hii: kuosha sambaza waliokauka mpaka mchanga utoke, kuwakausha tena kidogo, kuwatwanga, na kuweka unga huo katika sombe, katika maharagi, hata katika uji. Vijiko viwili vya unga huo vinatosha sufuria ya familia, na watoto wanakula bila kuchagua mifupa.

Sombe yenyewe ina chuma, lakini inapikwa muda mrefu. Muda huo haupashwi kufupishwa, maana majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemusha. Tena, kuchemusha kwa muda mrefu kunaua vitamini C, na vitamini C ndiyo inayofungulia mlango chuma cha mimea. Dawa yake ni kuirudisha mwisho: kukamulia ndimu ao limau katika sahani wakati wa kula, ao kula pera, chungwa, papai ao marakuja palepale kisha chakula. Mapera hasa, ambayo wengi wanayaacha yaanguke chini ya mti kama chakula cha watoto, yana vitamini C mingi kuliko machungwa. Mawese pia ni rafiki wa sombe, mradi yabaki mekundu: wekundu wake unaleta vitamini A, ambayo inasaidia mwili kutumia chuma. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, vitamini hiyo imekwenda na moshi.

Maharagi yanafaa kulowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, na kupikwa katika maji mapya. Hilo linapunguza vitu vinavyofunga chuma ndani ya mbegu, na linapunguza makala vilevile. Wenye shamba wanaweza kuuliza maharagi yaliyochaguliwa kwa sababu yana chuma na zinki mingi. Kituo cha utafiti cha INERA huko Mulungu, katika Kabare, ni kimoja cha vile vilivyofanya kazi hiyo. Yanapandwa na kupikwa kama mengine. Lengalenga, matembele, soya, karanga, na uji wa masoso vyote vina nafasi yao.

Lakini bugali ya muhogo haina karibu chuma chochote. Inashibisha, inatoa nguvu ya kulima, basi. Sahani yenye mlima wa bugali na kijiko kimoja cha mboga pembeni inajaza tumbo na kuacha damu vile ilivyokuwa. Kwa mjamzito mlima unapashwa kushuka kidogo, mboga ipande.

Ini lina chuma kingi sana. Kipande kidogo mara moja kwa juma kinatosha, na ni vizuri kuliacha katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu lina vitamini A ya kupita kiasi kwa mtoto anayeanza kuumbika. Mayai yanakatazwa katika familia zingine, eti mtoto atazaliwa bila nywele ao atakuwa mwizi. Hakuna ukweli ndani yake. Mama anaweza kula yai, lipikwe mpaka liive.

Chai, udongo

Mashariki ya Congo ni inchi ya chai na kahawa, na kikombe cha chai kinakwenda pamoja na kila chakula. Chai na kahawa vinafunga chuma cha mimea ndani ya tumbo kisipite. Mama anayekula maharagi na lengalenga, kisha anasukuma kwa chai ya moto, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Si lazima aache chai. Aisogeze: saa moja ao mbili kisha kula. Pamoja na chakula, maji yanatosha.

Wamama wengine wanasikia hamu ya kula udongo, ule mweupe unaouzwa sokoni ao ule wa ukutani. Mara mingi hamu hiyo inakwenda pamoja na upungufu wa chuma. Lakini udongo hauponyi upungufu. Unazuia chuma kupita na unaweza kuleta minyoo. Kumchekelea mama hakusaidii. Afadhali aseme hamu hiyo siku ya CPN, kwa sababu ni habari ambayo muuguzi anaihitaji.

Vidonge na chakula vinakwenda pamoja

Hata mama anayekula vizuri ni vigumu apate katika chakula peke yake chuma chote ambacho mimba inaomba. Ndiyo maana OMS inashauri kila mjamzito akunywe kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma pamoja na miligramu 0,4 za asidi foliki. Ni vile vidonge wamama wanaita «fer». Aliyekutwa na anemia anaongezewa kipimo na muuguzi. Si yeye mwenyewe wala duka la dawa la barabarani.

Wengi wanaviacha kisha juma moja: choo kinakuwa cheusi, tumbo linafunga, kichefuchefu kinaamka. Choo cheusi hakina ubaya, ni chuma kilichobaki. Kwa kichefuchefu, kidonge kikunywewe usiku mbele ya kulala, na maji ya limau, hata pamoja na chakula kidogo. Kisikunywewe na chai wala na maziwa. Na kikae mbali na watoto: vidonge hivyo vikimezwa vingi na mtoto mdogo vinaweza kumuua.

Kisha kuna malaria, ambayo inavunja chembe nyekundu upesi kuliko chakula kinavyozijenga. Kulala katika chandarua na kupata Fansidar kwenye CPN, kuanzia mwezi wa nne, mara tatu ao zaidi, ni sehemu ya kulinda damu sawa na sombe. Kuna mtego mmoja: maduka mengi ya dawa yanauza asidi foliki ya miligramu 5. Kipimo hicho kikubwa kinapunguza nguvu ya Fansidar. Mama aliyenunua vidonge vya foliki mwenyewe avibebe avionyeshe. Dawa ya minyoo nayo inatolewa kisha miezi mitatu ya kwanza, na kuvaa viatu shambani na chooni kunazuia ile minyoo inayoingia kwa nyayo na kunywa damu ndani ya tumbo.

Kama damu haipandi hata kisha mwezi mmoja wa vidonge na chakula, sababu ingine inapashwa kutafutwa, ikiwemo ile anemia ya kuzaliwa nayo inayoitwa SS. Na mama anayeshindwa kupumua akiwa amekaa, anayezimia, ao anayetokwa damu, haendi kutafuta lengalenga: anapelekwa hospitali siku ileile.

Bwana na mama mkwe

Nyumba nyingi zinagawa chakula kwa desturi: samaki mkubwa na nyama kwa baba, kisha watoto, mama anafuta sufuria. Hapo mafundisho mengi ya CPN yanaanguka, kwa sababu yanapewa mtu asiyegawa na asiyeshika franka. Baba anayemsindikiza mama siku moja tu na kusikia mwenyewe hesabu ya hemoglobini, mara mingi anaelewa upesi. Mama mkwe vilevile. Yeye ndiye anayeamua kama yai linaruhusiwa.

Kwa wamama waliokimbia vita, wanaoishi na unga, maharagi, mafuta na chumvi ya msaada, kuchagua ni kugumu. Kinachowezekana ni kuloweka maharagi, kutafuta majani, kupanda lengalenga hata katika gunia moja lenye udongo mbele ya mlango, ambayo inavunwa kisha majuma matatu ao manne, na kutoacha vidonge.

Kisha kuzaa, vidonge vinaendelea, mpaka miezi mitatu pale ambapo anemia ni ya wengi. Na kuna jambo moja mama anaweza kuliomba mapema, siku ya CPN, bila kulipa franka yoyote: siku ya kuzaa, kama mtoto amelia na anapumua vizuri, mzalishaji angojee dakika moja mpaka tatu mbele ya kukata kitovu. Katika dakika hizo damu inaendelea kupita toka kondo la nyuma, na mtoto anaingia duniani na akiba yake ya chuma.