Mnara wa Simu ya Upepo

Kabla ya vita vya 1914 Wadachi walisimamisha Dar es Salaam mnara wa simu ya upepo, wapate kusema na meli zilizo mbali baharini. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza, Astraea, iliulenga kwa mizinga. Wadachi wenyewe wakauangusha. Mitambo ya namna ile ilijaza umeme katika kapasita, kisha ikautoa kwa cheche, kama koili aliyoibuni Nikola Tesla huko Marekani mwaka 1891. Kijana wa Kinondoni au Temeke atakaye kuunda koili hiyo, twamsihi aanze na ile ndogo ya betri, wala asifanye kazi peke yake. Cheche hutisha kwa kelele, lakini tuiogopayo zaidi ni kapasita: umeme ukiisha kukatwa, hiyo hukaa kimya imejaa, nayo yaweza kumwua hata fundi stadi.