Hoteli za kifahari juu ya maji: mambo ya kufahamu kwa wakazi wa mwambao wa maziwa ya Rukwa na Tanganyika

Hoteli ya juu ya maji ni malazi ya wageni ambayo vyumba vyake vimejengwa juu ya nguzo zilizosimikwa majini, au juu ya jukwaa linaloelea, badala ya kujengwa nchi kavu. Mgeni hufika chumbani kwa kupita kwenye daraja la mbao au kwa boti, na ngazi ya chumba chake huishia majini. Aina hii ya utalii imezoeleka katika visiwa vya nchi za joto na huhesabiwa miongoni mwa malazi ya gharama kubwa zaidi duniani.

Mkoa wa Rukwa una maziwa mawili na visiwa kadhaa, na hivyo wananchi wana haki ya kujua malazi haya hufanya kazi vipi na sheria inasema nini kuyahusu. Mkazi wa Muze, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa upande wa Ziwa Rukwa, anahitaji taarifa hizi sawa na mkazi wa Kipili, wilayani Nkasi, kwenye Ziwa Tanganyika. Ardhi ya mwambao ikishatolewa kwa matumizi ya muda mrefu, si rahisi kuirejesha.

Chimbuko lake

Vyumba vya kwanza vya kitalii vya aina hii vilijengwa mwaka 1967 katika kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, na Wamarekani watatu waliokuwa wakiendesha hoteli katika visiwa hivyo. Raiatea ina fukwe chache za mchanga. Kwa kuwa hawakuwa na ufukwe wa kumpa mgeni, waliamua kumlaza juu ya bahari yenyewe, wakifuata umbo la nyumba za makuti za wenyeji. Wazo hilo lilienea hadi Bora Bora na baadaye Maldivi, nchi ambayo ilipokea hoteli yake ya kwanza ya kitalii mwaka 1972 na ambako kisiwa kimoja kwa kawaida hutengewa hoteli moja.

Njia ya pili ni chumba kinachoelea. Mwaka 2000 msanii wa Sweden, Mikael Genberg, aliweka katika Ziwa Mälaren, mjini Västerås, kibanda kidogo ambacho chumba chake cha kulala kiko chini ya uso wa maji. Ubunifu huo ulifika Afrika Mashariki mwaka 2013, pale chumba cha aina hiyo kilipowekwa katika bahari ya kaskazini mwa Pemba, karibu na rasi ya Kigomasha. Kina ngazi tatu: paa la kupumzikia, sebule iliyo usawa wa maji, na chumba cha kulala chenye madirisha takriban mita 4 chini, ambako mgeni huwatazama samaki akiwa kitandani. Chumba hicho hakikusimama juu ya nguzo. Kimeshikiliwa na nanga na hupanda na kushuka pamoja na maji.

Anacholipia mgeni

Bei ya malazi haya haitokani na kitanda. Mgeni hulipia upweke, utulivu na ukaribu na maji. Kwa kawaida gharama hutozwa kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na mara nyingi hujumuisha chakula, usafiri wa boti na baadhi ya shughuli kama kuogelea na kutazama samaki kwa miwani ya maji.

Nyuma ya utulivu huo kuna kazi kubwa. Maji safi, umeme, chakula na mashuka hupelekwa kila siku kupitia daraja au boti. Majitaka ya kila chumba hayana budi kusukumwa kwa mabomba hadi mtambo wa kuyasafisha ulio nchi kavu, kwa kuwa bomba moja likivuja uchafu wote huingia katika maji yale yale yaliyomvuta mgeni. Ndiyo maana kitanda kimoja cha hoteli ya kisiwani huhitaji wafanyakazi wengi kuliko kitanda cha hoteli ya mjini, wakiwamo mabaharia, mafundi bomba, wapishi, wahudumu, walinzi na waongozaji wa wageni.

Mifano ya visiwa nchini

Tanzania ina visiwa kadhaa vinavyopokea wageni wa kiwango cha juu, na kila kimoja kina funzo lake.

Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kina vibanda saba tu vya wageni. Miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu mwaka 1994. Vibanda hukinga maji ya mvua kwenye paa, hutumia umeme wa jua na vyoo visivyotumia maji. Baadhi ya waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi wa miamba hiyo, na wanafunzi wa shule za Zanzibar hupelekwa kisiwani kujifunza. Mradi huo ulipata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Kisiwa cha Shungimbili, katika bahari ya Mafia, ni hifadhi ya bahari na hukodishwa chote kwa kundi moja la wageni kwa wakati mmoja. Kwa upande wa Zanzibar, Serikali ya Mapinduzi ilianza mwaka 2021 mpango wa kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, na Bawe, mkabala na Mji Mkongwe, ni miongoni mwa visiwa vilivyojengwa hoteli ya kifahari.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Ufipa ni kisiwa cha Lupita, katika Ziwa Tanganyika karibu na Kipili. Hapo ilijengwa hoteli ya kifahari yenye nyumba chache zilizotawanyika kwenye miteremko ya mawe, zikiwa wazi upande wa ziwa. Vyumba vya Lupita havikujengwa juu ya maji. Viliwekwa juu ya miamba, maji yakiwa chini yake. Hoteli hiyo inaonesha kwamba mandhari ya Rukwa yanaweza kushindana na ya visiwa vya bahari hata bila kusimika nguzo ziwani.

Maziwa mawili yenye tabia tofauti

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina chake kinafika mita 1,470 na urefu wake ni takriban kilomita 673. Maji yake ni angavu, na aina nyingi za samaki wake wa rangi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hizi ni sifa ambazo mgeni wa malazi ya juu ya maji huzitafuta.

Hata hivyo, ziwa hilo lina mkondo mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, unaoelekea Kongo. Mkondo huo ukiziba au mvua zikizidi, maji hupanda. Katika karne ya 19 ziwa lilipanda hadi likafungua njia ya Lukuga mwaka 1878, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Katika miaka ya 2020 maji yalipanda tena na kufurika sehemu za Bujumbura na maeneo ya mwambao wa Kigoma.

Ziwa Rukwa lina tabia nyingine kabisa. Liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, wakati Sumbawanga Mjini iko takriban mita 1,700. Mito ya Songwe na Momba ni miongoni mwa mito inayoingia humo, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupungua kwa kukauka tu, hivyo yana chumvichumvi na ukubwa wa ziwa hubadilika mno. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa takriban kilomita 50. Miaka kumi baadaye, mwaka 1939, ulikuwa takriban kilomita 128. Kwa sababu pwani yake ni tambarare, maji yakipanda kidogo tu ukingo husogea mbali.

Nguzo zilizosimikwa katika ziwa la namna hiyo zinaweza kubaki zimesimama kwenye tope kavu, au kufunikwa pamoja na sakafu ya chumba. Aidha, Ziwa Rukwa lina mamba na viboko wengi, hivyo ngazi ya kushukia majini, ambayo ndiyo kivutio kikuu cha malazi haya, haifai huko. Utajiri wa utalii wa bonde hilo uko katika ndege wa majini, wanyamapori wa Pori la Akiba Uwanda na mandhari ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa unapoteremka kutoka Ntendo kuelekea Muze. Vivutio hivyo hutazamwa vyema kutoka mahali palipoinuka, nchi kavu.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Waziri mwenye dhamana anaweza kutoa miongozo kuhusu shughuli zinazofanyika ndani ya eneo hilo. Aidha, sheria hiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi kuanza, na wananchi wanaoguswa washirikishwe. Kwa hiyo, mradi wa vyumba vya juu ya maji hauwezi kuanza kwa makubaliano ya mdomo kati ya mwekezaji na uongozi wa kijiji.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza kuwa asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, kupitia mamlaka husika. Ardhi ya kijiji haiwezi kupewa mwekezaji wa kigeni moja kwa moja. Ni lazima kwanza ihaulishwe kuwa ardhi ya jumla. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, eneo likiwa halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa uhaulishaji huo. Likizidi hekta 250, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano. Aina, kiasi, namna na wakati wa kulipwa fidia lazima vikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji unaundwa na wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Saini ya mwenyekiti pekee haiwezi kuchukua nafasi ya uamuzi wao.

Maswali ya kuuliza mkutanoni

Mradi wa utalii wa mwambao unapowasilishwa, wananchi wanashauriwa kuuliza yafuatayo na kuhakikisha majibu yanaandikwa katika muhtasari:

Njia ya wavuvi kufika ziwani na mahali pa kuegesha mitumbwi vitabaki wapi? Akina mama wanaochota maji na kuanika dagaa watatumia eneo gani? Majitaka yatasafishwa vipi na nani atakagua? Ajira ngapi zitatolewa kwa wenyeji, na nani atagharamia mafunzo? Hoteli itanunua mchele, mboga, kuku na samaki kutoka kwa nani?

Swali la mwisho linawahusu moja kwa moja wakazi wa Muze, hata kama hoteli iko Kipili. Bonde la Rukwa huzalisha mpunga, na njia ya kupanda Ntendo hadi Sumbawanga, kisha Chala na Namanyere, hufika Ziwa Tanganyika. Mkulima wa Muze anaweza kunufaika na utalii wa visiwa bila hata nguzo moja kusimikwa Ziwa Rukwa.

Swali la ajira nalo lina uzito wa pekee. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa kaya inayotegemea nyavu pekee, miezi mitatu ni mirefu. Kipato cha pili kinachotegemea samaki walio hai majini humpa mvuvi sababu nyingine ya kuwalinda.

Kwa mwananchi anayepanga kulala kisiwani

Hoteli nyingi zina bei nafuu kwa raia na wakazi, hivyo mgeni aulize kabla ya kulipa. Aulize pia iwapo bei inajumuisha chakula, boti na kodi, na masharti ya kurejeshewa fedha safari ikiahirishwa. Hadhi ya nyota inayotangazwa iwe imetolewa na mamlaka za utalii za Serikali.

Kabla ya kuvuka, msafiri afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa kuwa upepo wa Ziwa Tanganyika unaweza kuinua mawimbi makubwa. Apande chombo kilichosajiliwa na kukaguliwa, na avae jaketi okozi tangu kinapoondoka hadi kinapofika. Wazazi wasiwaache watoto peke yao kwenye vyumba au madaraja ya juu ya maji, kwa kuwa hapo hatua moja tu inatosha kumtumbukiza mtoto ziwani.

Wananchi wenye maswali kuhusu ardhi ya mwambao au mradi wowote wa utalii wanashauriwa kuanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, kisha maofisa ardhi, mazingira na maliasili wa halmashauri yao, kabla ya kukubali au kusaini hati yoyote.