Nyota Iliyoipita Suheli

Wasikilizaji, jioni hii nataka kuwasimulieni habari ya nyota moja ambayo wengi wenu mmekwisha kuitazama bila kujua kwamba mnaitazama. Ukisimama ufuoni Ukerewe katikati ya mwezi wa Mei, yapata saa mbili za usiku, mwezi haupo na taa za wavuvi wa dagaa zimeanza kutapakaa majini, elekeza uso wako kusini, upande wa Mwanza. Utauona Msalaba wa Kusini, nao umeinama mkono wa kushoto. Toka hapo peleka macho kulia. Katika kimo kipatacho theluthi moja ya njia kutoka upeo wa maji hata utosini, pana doa la nuru hafifu kama moshi, na ndani yake nyota ndogo. Yaonekana kwa macho matupu, walakini haina fahari yo yote.

Wataalamu huiita Eta Carinae. Neno Carina maana yake ni mkuku wa chombo, kwa kuwa Wayunani wa kale walizifananisha nyota za upande ule wa mbingu na jahazi kubwa. Katika jahazi hilo hilo imo Suheli, ambayo manahodha wa pwani yetu waliijua sana, hata jina lake likawa pia jina la upande wa kusini. Suheli ni ya pili kwa mng'ao katika nyota zote za usiku. Inapitwa na Sirius peke yake. Basi mwezi wa Machi mwaka 1843, Suheli ilipitwa na nyota hii ndogo.

Habari zake katika maandishi ni hizi. Mwaka 1677 Mwingereza Edmond Halley, akiwa katika kisiwa cha Saint Helena, aliiandika kuwa nyota ya daraja la nne, yaani ya kuonekana tu. Mwaka 1827 William Burchell aliiona huko Brazil imekuwa ya daraja la kwanza. Kisha akaja John Herschel, aliyefunga safari kutoka Uingereza na darubini yake ya futi 20, akaisimamisha karibu na Cape Town. Kwa miaka kadhaa aliizoea nyota hii, hata usiku wa tarehe 16 Desemba 1837 akashtuka kuikuta imeongezeka ghafula. Herschel alirudi kwao mwaka 1838, lakini Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kuangalizia nyota huko Cape, aliendelea kuitazama mpaka ilipofika kilele mwaka 1843. Baada ya hapo ikafifia polepole, na kufikia mwaka 1868 au karibu na hapo haikuonekana tena bila darubini. Imerudi kuonekana kwa macho katika karne ya ishirini, na siku hizi ipo karibu na daraja lile lile la Halley.

Angalieni jambo moja. Walioishuhudia vizuri kuliko wote walikuwa hapa Afrika. Nasi pia tulikuwa hapa. Mwaka 1843 misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu na kupanda tena na nguo na shanga, nayo ililala nje chini ya mbingu hiyo. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim alifika Buganda kwa Kabaka Suna, na mwaka huo huo Krapf aliwasili Mombasa. Katika nchi ya Wasukuma, ambako hapakuwa na shule hata moja, mchungaji ye yote aliyelinda ng'ombe usiku aliiona nyota ikiipita Suheli, akaiona tena mwaka wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Haikuwa kimondo cha kupita na kusahauliwa. Ilikaa miaka kama ishirini.

Mwalimu wa historia hukereka na jambo kama hili. Habari zetu za kale twazihesabu kwa watemi na kwa njaa, na mara nyingi twakosa tarehe. Nyota hii ingalikuwa msumari wa kutundikia miaka. Mzee angalisema tu, “Babu yangu alitawazwa mwaka ule nyota ya kusini ilipokuwa kubwa,” nasi tungalijua.

Wala si kweli kwamba watu wa maziwa haya hawakuyaweka moyoni mambo ya mbinguni. Huko Biharwe, katika nchi ya Ankole, wazee walisimulia jinsi Mfalme Olimi wa Bunyoro alivyoteka ng'ombe, na alipokuwa akirudi jua likatoweka mchana. Jeshi lake likaingiwa na hofu, likaacha mateka na kukimbia. Wanahistoria wengi walilinganisha hadithi hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Mdomo wa mzee umeichukua siku moja kwa muda wa miaka mia nne na zaidi. Lakini tazameni ilivyochukuliwa: imefungwa pamoja na mfalme, vita, na ng'ombe. Nyota yetu haikumvunjia mtu vita. Iliongezeka, ikapungua.

Hata hivyo wako watu walioihifadhi. Katika Australia, kando ya ziwa Tyrrell, katika jimbo liitwalo Victoria, waliishi wenyeji walioitwa Boorong. Hawakuwa na maandishi. Mkulima mmoja Mwingereza, William Stanbridge, aliketi nao usiku, akawauliza majina ya nyota na jamaa zao, na kazi yake ikapigwa chapa mwaka 1858. Suheli kwao ilikuwa kunguru mume, na karibu naye walikuwa na mkewe, nyota nyekundu kubwa. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Hamacher na Frew, walionyesha kwamba mke huyo wa kunguru ni Eta Carinae katika miaka ya ukubwa wake. Nyota iliyokuwa ndogo ilipopata nguvu, Boorong waliiingiza katika ukoo wa mbinguni, wakaiozesha.

Sasa turudi kwetu. Mwaka huo huo wa 1858, tarehe 3 Agosti, John Speke alisimama kilimani Mwanza, akalitazama ziwa ambalo baadaye alilipa jina lile lile la Victoria. Aliuliza maji yanafika wapi, akajibiwa na mwenyeji kwa ishara za mkono kuelekea kaskazini kwamba huenda yanafika mwisho wa dunia. Maswali yake yalipita kwa Sidi Mubarak Bombay, aliyesema naye Kihindustani kisha akasema na watu kwa Kiswahili, na wengine wakatia katika lugha ya hapa. Jioni za siku hizo nyota ilikuwa bado yaonekana wazi, chini upande wa kusini-magharibi. Ziwa lilikuwa kaskazini, na nyota ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Simlaumu, alikuja kutafuta mto, si nyota.

Lakini miaka 25 baadaye, mwaka 1883, Mapadre Weupe walijenga Bukumbi, kusini kidogo ya Mwanza. Fanyeni hesabu. Mvulana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1843 alikuwa na miaka hamsini tu siku hiyo. Mashahidi walikuwa wangali hai, tena wengi, na wenye kalamu walikuwa jirani zao.

Nyota yenyewe si ya kawaida. Iko mbali nasi kadiri ya miaka 7,500 ya mwendo wa nuru. Kwa hakika ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa miaka mitano na nusu, na iliyo kubwa ina uzito wa jua letu mara 90 hivi. Katika mlipuko ule ilitupa nje vitu vyenye uzito wa kuzidi majua kumi, wala haikufa. Vitu hivyo vingali vikitawanyika kwa umbo la mawingu mawili ya mviringo yaliyogusana. Na liko jambo la ajabu zaidi: mwaka 2012 wataalamu walitoa habari kwamba wameipata nuru ya mlipuko huo kwa mara ya pili. Ilikuwa imekwenda upande mwingine, ikagonga mawingu ya vumbi, ikarudi kama mwangwi urudivyo kutoka katika mawe yetu ya Mwanza, ikachelewa zaidi ya miaka 150.

Niliposoma habari hizo niliwaagiza wanafunzi wangu wa ualimu wawaulize wazee wao wakati wa likizo, kama waliwahi kusikia juu ya nyota ya kusini iliyokuwa kubwa ikapungua. Walirudi na habari za kilimia na majira ya kulima, na za nyota ya alfajiri, basi. Nikaona kwamba kosa ni langu, kwa kuwa nimeuliza kama mtu wa vitabu. Likizo iliyofuata nilibadili swali. Niliwaambia wamwonyeshe mzee Suheli, kisha wamwulize: Huyu ana mke?