Kenya: Viongozi wa wafanyakazi waliodai haki kabla ya uhuru

Kila Mei Mosi, wafanyakazi nchini Kenya huadhimisha siku yao kwa hotuba zinazohusu mishahara na hali ya kazi. Tarehe hiyo ina kumbukumbu nyingine isiyotajwa sana. Ni tarehe 1 Mei 1949 ambapo Kongamano la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki lilianzishwa jijini Nairobi, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu.

Chini ya ukoloni, mshahara ulifuata rangi ya ngozi. Mzungu alilipwa kuliko Mhindi, naye Mhindi kuliko Mwafrika. Wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kwa miaka mingi kubeba kipande, hati iliyotundikwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, ambayo ilimwezesha mwajiri kumsaka aliyeacha kazi bila ruhusa. Kwa sababu hiyo, aliyedai mshahara wa haki alikuwa anadai pia utu wake utambuliwe.

Madai hayo yalisikika kwa kishindo Mombasa mwezi Januari 1947, wakati wafanyakazi wapatao 15,000 walipogoma na kuisimamisha bandari. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lililozaliwa katika mgomo huo, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo na kuhamishiwa Kabarnet, alikozuiliwa kwa takriban miaka kumi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1935 alikifungua kwa watu wa rangi zote chama kilichokuwa cha wafanyakazi wa Kihindi. Hatua hiyo iliupa changamoto mfumo uliojengwa juu ya utengano. Miaka miwili baadaye, mgomo wa siku 62 ulileta nyongeza ya mishahara.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara Kaloleni, Nairobi, Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na mgomo ukaenea katika miji mingine.

Kubai aliachiwa, lakini alikamatwa tena tarehe 20 Oktoba 1952 na kuhukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Mashujaa. Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11. Kenyatta alikamatwa baada yake na kuachiwa kabla yake.

Baada ya uhuru, Kubai alikuwa mbunge na naibu waziri. Singh hakupewa wadhifa serikalini. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, iliyochapishwa mwaka 1969, na akafariki Mei 1973.

Leo, ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kibachia, Kubai na Singh walipokonywa uhuru wao kwa kuzidai haki hizo hizo, na kila mfanyakazi anayezitumia leo anarithi jasho lao.